Farasi wetu ana miaka 19, nimpe kituo cha tiba moja kwa moja au niwaazime tu?

"Mwalimu habari za kazi. Sisi tuko Ohio, tumekaa na farasi mmoja miaka kumi sasa, anaitwa Chester, wa aina ya Quarter Horse, dume aliyehasiwa, ana miaka 19. Binti yangu ndo alikuwa anampanda, sasa ameenda chuo na mimi mwenyewe sijui kupanda, kazi yangu ni kumpelekea karoti na kulipa bili ya zizi kila mwezi. Mume wangu anasema tumuuze, mimi moyo unakataa manake nasikia farasi wazee wanaishia mnadani na kupelekwa kuchinjwa. Kuna kituo dakika arobaini hivi kutoka kwetu, wanapandisha farasi watoto wenye ulemavu, na nilivyoona ni kazi nyepesi ya kutembeatembea tu. Chester ni mpole mno, watoto wanapita chini ya tumbo lake hata hashtuki. Ana baridi yabisi kidogo miguu ya nyuma ila anapewa dawa kila siku na yuko sawa. Je, nimtoe kabisa au niwaazime? Nikimtoa si napunguziwa kodi kwa ile bei tuliyomnunulia? Na wakishamchoka watampeleka wapi?"

Dada yangu, naanza na hilo la mwisho, manake mengine yote umeyauliza kwa akili lakini hilo umeliuliza kwa moyo. Hofu yako sio ya bure. Hapa Marekani machinjio ya mwisho ya farasi yalifungwa mwaka 2007, yalikuwa Texas na Illinois, na watu wengi wakadhani mambo yameisha, kumbe kilichobadilika ni urefu wa safari tu, farasi anayenunuliwa mnadani kwa bei ya kutupa anaweza kupakiwa kwenye lori mpaka Mexico au Canada akachinjwa huko. Na mara nyingi anayefika huko hakuuzwa na mtu mwenye roho mbaya, aliuzwa na mtu mzuri kwa mtu mzuri, huyo wa pili akaishiwa hela akamuuza kwa wa tatu, wa tatu ndo akampeleka mnadani. Kwa hiyo mumeo akisema tumuuze sio kwamba hana huruma, ila kwa farasi wa umri huo mwenye miguu inayouma, ukishamuuza huna la kusema tena kuanzia pale trela inapotoka getini. Na kumpa kituo bure bila karatasi, nikwambie ukweli, ni hivyohivyo. Ukishasaini umiliki umehama, ni wao watakaoamua, na kituo kikiwa kizuri namna gani bado kina bodi, kina bajeti, viongozi wanabadilika, na vituo vingine vinafungwa kabisa.

Lakini kabla hatujafika kwenye karatasi kuna jambo la kurekebisha, na usilichukulie vibaya, karibu kila mtu anayetupigia simu analo. Nilianza kazi ya farasi Nairobi, nikiwa saisi, yaani mtunza farasi, pale Ngong Racecourse, nikaja huku nikasomea kufundisha upandaji wa tiba, na sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwapima farasi wanaoletwa. Nane kati ya kumi wanaopiga wanaanza kama wewe, mwalimu nina farasi mzee, mpole, anaumwa kidogo, nataka apate kazi nyepesi. Dada, sio kazi nyepesi hii. Ni kazi ya polepole, na polepole na wepesi ni vitu viwili.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hajawahi kutembea hata hatua moja, tunamkalisha juu ya farasi kwa nini? Sio kumfurahisha tu ingawa anafurahi. Farasi akitembea mwendo wa kawaida mgongo wake unasogea pande tatu kwa pamoja, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na unajizungusha kidogo, na mwendo huo unaingia kwenye nyonga ya aliyekaa juu karibu sawasawa na jinsi nyonga ya binadamu inavyosogea akitembea kwa miguu yake. Yaani yule mtoto mwili wake unaonjeshwa kutembea. Farasi anapiga hatua kama 100 hivi kwa dakika, kwa hiyo somo la nusu saa ni karibu hatua 3,000, na ni vigumu mikono ya mtu kumpa mtoto marudio mengi namna hiyo yaliyo laini namna hiyo. Ongeza joto, mwili wa farasi uko kama digrii 38, umetuzidi kidogo, ile misuli ya mapaja iliyokakamaa inaanza kulegea yenyewe, nimeona watoto wanapanda miguu imebana kama mkasi na baada ya dakika kumi na tano inaning'inia.

Sasa mfikirie farasi ambaye mguu mmoja wa nyuma unamuuma. Anafanya nini? Anauchunga. Anaukanyagia kwa muda mfupi zaidi, ule mwingine anaubebesha, mgongo unaenda upande. Hata kama wewe ukiwa chini huoni, aliye juu anapokea hatua 3,000 zilizopinda. Tunachompa mtoto ni mwendo wa farasi, mwendo ukichechemea ndo tunamfundisha mtoto kuchechemea. Ndo maana kituo makini kitamkataa farasi mpole mwenye miguu mibaya, na watu wanaumia wanasema mbona mnajidai, farasi wa bure mnamkataa.

Alafu kuna upande wa farasi mwenyewe. Mpandaji wa kawaida anajibeba, ana misuli ya tumbo, ana balansi. Mpandaji wetu anaweza kuegemea kulia somo zima, anaweza kushtuka ghafla akapiga kelele na kurusha mikono, na huku na huku wa farasi kuna watu wawili wanatembea wamemshikilia mpandaji mapajani, na mbele mtu wa tatu kashika kamba. Kwa mnyama ambaye maumbile yake ni kukimbia akibanwa, kuzungukwa na watu watatu na wa nne akiwa mgongoni, na bado atembee taratibu ni kujizuia kukubwa sana. Na misuli ya mgongo inakaza upande mmoja kulipia ule uzito ulioegemea. Wengi huwa tunahesabu kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake pamoja na tandiko, kwa hiyo farasi wa kilo 450 ni kilo 90 kila kitu, na mzee mwenye baridi yabisi unashuka chini ya hapo. Uzito ulioegemea upande mmoja unamchosha kuliko uzito uleule uliokaa sawa.

Upole wake uliousema ni kitu kizuri na ninauamini, ila kuna upole wa aina mbili. Kuna farasi ametulia kwa sababu ana amani, na kuna farasi ametulia kwa sababu amejifungia ndani, amekata tamaa ya kusikilizwa. Ukienda kumpa karoti safari hii mwangalie wakati mtu anakaza ule mkanda wa tandiko tumboni. Masikio yanalala nyuma? Juu ya jicho panajikunja? Mdomo unabana, mkia unapiga bila nzi, anageuza kichwa kana kwamba anataka kung'ata? Hayo ni maneno yake. Kuna jike mmoja wa rangi ya kijivu tuliyekuwa naye, mzee lakini miguu mizima, siku moja kijana mzito kidogo alianza kuteleza upande wa kushoto, wale wanaotembea pembeni hawajapata hata nafasi ya kumsukuma, yule jike akasimama, akasogeza mguu wake wa kushoto wa nyuma nusu hatua kuja chini ya yule kijana, akamkalisha sawa na mgongo wake, akasubiri. Hakuna aliyemwambia. Farasi wa namna ile hatengenezwi kwa mafunzo peke yake, na akiwa na maumivu hawezi kukufanyia vile, kwa sababu nguvu yote ya akili inaenda kwenye kuvumilia.

Huu ukweli wa farasi kumsikiliza aliye juu umejulikana siku nyingi. Lis Hartel wa Denmark aliugua polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, akabaki hana nguvu kuanzia magotini kwenda chini, na mwaka 1952 Helsinki akashinda medali ya fedha ya Olimpiki kwenye dresaji, yaani mashindano ya farasi kufanya hatua za ustadi kwa ishara za mpandaji, juu ya jike wake Jubilee, wakati hata kumpanda ilikuwa lazima asaidiwe. Ilibidi Jubilee ajifunze kusoma uzito na mgongo badala ya miguu. Ushindi wake uliamsha watu Ulaya na Marekani, na mwaka 1969 ndo ikaanzishwa jumuiya ya vituo vya hapa ambayo leo inaitwa PATH International, na mwaka huohuo Uingereza wakaanzisha ya kwao, Riding for the Disabled. Nakutajia PATH kwa sababu ndo swali lako la kwanza kwa kile kituo, je ni wanachama, je wamekaguliwa na kupewa ithibati, je walimu wao wana vyeti. Kituo kisicho na ithibati sio lazima kiwe kibaya, ila hapo utaangalia kwa macho yako mara mbili.

Turudi kwa Chester na dawa yake. Umeandika "yuko sawa", lakini dada, yuko sawa akiwa na dawa, na hiyo kwa kituo ni habari tofauti kabisa. Zizi moja nililowahi kufanya kazi tulipewa dume mmoja mzuri sana, mkubwa, mtulivu, tulimpima akapita vizuri, wiki ya pili akaanza kuchechemea na siku ya kumi alikuwa hataki kutoka bandani. Kumbe mwenyewe alikuwa anampa dawa ya maumivu kila asubuhi na hakusema, akiogopa tutamkataa. Dawa ilipoisha mwilini ukweli ukatoka. Sisi hatukuwa na mahali pa kumweka, mwenyewe alishajaza nafasi ya zizi lake, na yule farasi alizungushwa sehemu tatu ndani ya miezi michache mpaka akapata pa kutulia. Ule uongo mdogo wa kumwonea huruma ndo uliomtesa. Kwa hiyo wewe waambie kila kitu, jina la dawa, dozi, tangu lini, sindano za viungo kama amewahi kudungwa, amewahi kuugua msokoto wa tumbo mara ngapi, anaogopa nini. Farasi hatapiki, tumbo likimsokota ni hatari ya saa chache, wanaomlisha lazima wajue historia yake. Mwenye farasi akinikabidhi daftari chafu lililojaa kila kitu ninamwamini kuliko anayenikabidhi picha nzuri.

Sasa kumtoa au kumwazima. Kwa hali uliyonieleza mimi ningeazima, na ningeanza na majaribio. Vituo vingi vinachukua farasi kwanza kwa siku 30, 60 mpaka 90, wanamweka, wanampitisha kwenye ngazi ya kupandia, wanamtupia mipira, wanasogeza viti vya magurudumu karibu naye, watu wazima wanampanda wakijifanya hawana balansi, na akishindwa anarudi kwako. Kwa maana hiyo, nafasi yake kwenye zizi la sasa usiiachie mpaka majaribio yaishe, hata kama inauma kulipa. Akipita, mkataba wa kuazima unamaanisha umiliki unabaki kwako, wao wanamtumia na mara nyingi wanalipa chakula, fundi wa kwato kila wiki sita mpaka nane, chanjo na meno. Lakini msijidanganye mkadhani kila kitu ni chao, manake mikataba mingi inarudisha kwa mwenye farasi matibabu makubwa, na Chester akishindwa kazi atarudi kwako awe na miaka 20 au 26. Huo ndo ubaya wa kuazima na lazima nikwambie waziwazi: unakuwa umeahirisha uzee wake tu, hujaukimbia. Kama ndani ya nyumba yenu mnajua kwamba miaka mitatu ijayo hamtaweza kumpokea, basi kuazima ni ahadi ambayo hamtaitimiza na ni bora mlijue leo.

Kumtoa kabisa kuna uzuri wake. Kituo kinamiliki, kinaamua haraka bila kukutafuta, wewe bili zinaisha siku hiyohiyo, na baadhi ya vituo, kama hicho ulichokitaja pengine, vinapokea kwa njia hiyo tu. Ni halali yao. Ila wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na farasi ni mali inayokula na kuumia. Kwenye karatasi iandikwe kwamba akishindwa kazi wewe ndo wa kwanza kuulizwa kabla ya mtu mwingine yeyote, wakupe siku kadhaa za kujibu, kwamba hatapelekwa mnadani wala kuuzwa kwa dalali, kwamba hatahamishiwa kituo kingine bila wewe kujua, na kwamba ikifika wakati wa kumpumzisha kwa sindano uamuzi ni wa daktari wa mifugo na ufanyike pale alipozoea. Hilo la sindano watu wanaliruka kwa sababu linauma kulisema. Usiliruke. Andikeni pia nani ana ruhusa ya kuamua saa nane za usiku tumbo likimsokota na simu yako haipokelewi, na kama upasuaji utafanywa au hautafanywa, manake gharama yake inapanda maelfu ya dola na saa hiyo sio ya kuanza kujadiliana. Kisha mwanasheria asome, kwa sababu haki ya kuulizwa kwanza inashika au haishiki kutegemea ilivyoandikwa na sheria za jimbo lenu.

La kodi nitalipitia haraka. Hapana, sio ile bei mliyomnunulia. Ukimtoa kabisa kwa shirika lisilo la faida lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani hadhi ya kodi ya mashirika ya hisani, kinachohesabiwa ni thamani yake sokoni siku unayomtoa, na farasi wa miaka 19 anayekula dawa kila siku thamani hiyo ni ndogo, hata kama kwenu ni dhahabu. Na inakufaa tu kama mnaorodhesha makato yenu moja moja badala ya kuchukua lile la jumla. Ikizidi dola 500 kuna Fomu 8283, ikizidi 5,000 lazima mthamini anayetambulika. Ukimwazima hupati kitu, IRS, yaani watu wa kodi wa serikali, hawahesabu ruhusa ya kutumia mali yako kuwa mchango. Mtu wenu wa kodi awaangalizie, lakini kodi isiwe ndo sababu ya kuchagua.

Siku ukienda kituoni nenda bila Chester, nenda katikati ya wiki wakiwa na masomo, na ukae pembeni saa nzima. Waangalie farasi wanaofanya kazi, sio wale wa kwenye brosha. Wanafanya kazi saa ngapi kwa siku na siku ngapi kwa wiki? Wanapata muda wa kutoka nje na wenzao? Kuna mtu anawapanda hawa farasi kwa ajili yao tu, kuwanyoosha mgongo, au ni wapandaji wa tiba asubuhi mpaka jioni? Uliza farasi wao wa mwisho kustaafu alienda wapi. Hilo swali ndo la muhimu kuliko yote nitakayokwambia, na kituo kizuri kitakujibu papohapo, kitakutajia jina lake na pengine kitakuonyesha picha akiwa malishoni. Wakianza kutafuta maneno, shukuru, ondoka.

Na asipokubaliwa kupandwa bado hajafikia mwisho. Vituo vingi siku hizi vina kazi za chini, hakuna anayepanda, mtu anamsugua kwa brashi, anamwongoza kwa kamba, anajifunza kusoma masikio yake. Wanajeshi wastaafu waliorudi na majeraha ya akili, vijana wenye usonji, waliofiwa. Kazi hiyo nayo inachosha akili ya farasi, ila viungo vyake vinapumzika, na mpole wa kweli mwenye miguu mibovu mara nyingi ndo mahali pake. Waulize kwa jina, mna kazi ya bila kupanda? Kama nako hapana, tafuta mtu mwenye malisho anayetaka mwenza wa farasi wake, kwa mkataba uleule. Na kama daktari atasema maumivu yameshazidi dawa, basi swali linakuwa jingine kabisa, na nitakuwa nawe kwenye hilo pia.

Kwa hiyo kabla hujawapigia kituo, mpigie daktari wa mifugo. Mimi kwa maandishi siwezi kupima mguu. Mwambie unataka uchunguzi wa uchechemeaji, amkunje miguu ya nyuma na kumtazama akiondoka, picha za eksirei za vile vifundo vya nyuma, na kama anaona inafaa, amwangalie na dawa ikiwa imesimamishwa kwa siku atakazosema yeye, usiisimamishe mwenyewe. Akwambie kwa maandishi Chester anaweza kubeba uzito gani kwa muda gani, au hawezi. Hiyo karatasi ndo utakayokwenda nayo kituoni. Na binti yako mpigie kabla ya mkataba, sio baada, manake huyo ndo aliyekaa mgongoni miaka yote, anajua vitu kuhusu huyo farasi ambavyo hata wewe mwenye karoti hujawahi kuambiwa: upande gani anageuka kwa shida, lini alianza kusita kuinua mguu akisafishwa kwato. Viandikwe vyote kwenye lile daftari.